Nilitaka Skana Kama ya Kilosa

Dada Hadija,

Shikamoo. Najua hutaitika. Hata ulipokuwa hai ulikuwa unachelewa kuitika. Ulimaliza kwanza kumfungia mteja sukari, ukafuta kaunta, ndipo ukasema "marahaba" ukitazama pembeni, kana kwamba salamu yenyewe imetoka kwa mpita njia. Kwa hiyo leo sisubiri. Naendelea.

Nakuandikia nikiwa dukani Mikumi, mchana huu ambapo mabasi ya asubuhi yameshapita na yanayofuata bado. Sikuwahi kukuandikia ulipokuwa hai. Tulikuwa tunatumiana salamu kupitia kwa mume wetu, naye nadhani alikuwa anazipunguza njiani.

Nianze na linaloniuma. Siku tulipokuzika nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, lakini ndani yangu, Mungu anisamehe, kulikuwa na sauti ndogo inasema: sasa atakuwa wangu mzima. Alikuwa na siku zako na siku zangu, na siku zako zilikuwa na tabia ya kurefuka. Mara mzigo umechelewa, mara mvua imeharibu barabara pale kijijini Ulaya. Nikasema basi, hayo yameisha. Nikashona mapazia mapya.

Wapi! Amebaki Kilosa. Anasema duka lako la pale Mabwerebwere halina mtu mzima wa kulisimamia. Anasema anapenda kupita makaburini akitoka kuswali. Wewe uliye chini ya ardhi unakaa na mume siku nyingi kuliko mimi niliye juu yake.

Na hata kumwita siwezi bila kupitia kwako. Mimi sikujaliwa mtoto, unajua. Basi kwa kila mtu yeye ni Baba Salma, na kwangu pia ni Baba Salma. Nikimwita aje ale, namtaja mtoto wako. Nikimgombeza, namtaja mtoto wako.

Huyo Salma ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Tulia nikueleze.

Ilipopita arobaini, Baba Salma alituita mimi na Salma uani kwako. Salma alikuwa ameshaacha kazi yake ya uhasibu Morogoro, amerudi kukaa dukani kwenye kigoda chako. Mzee akasema, "Bei zote zilikuwa kwa Hadija. Hadija hayupo. Salma hajui hiki kinauzwaje, mimi sijui kile kimeingia lini. Tununue hizo mashine zinazosoma ile mistari myeusi kwenye pakiti. Kilosa na Mikumi, maduka yote yasomane."

"Bakodi, baba," Salma akasema. "Na mashine inaitwa skana."

"Hizo hizo. Wewe unaona inafaa?"

"Inafaa, baba."

Yakaisha. Neno moja la binti yako na yakaisha! Dada, hiyo skana mimi nimeiomba tangu lini? Mikumi basi likisimama, abiria wanashuka wote kwa pamoja, huyu maji, huyu biskuti, huyu pampasi za mtoto, na dereva anapiga honi. Nilimweleza Baba Salma mpaka nikachoka. Jibu lake lilikuwa moja: "Mkubwa hataki." Nikakuuliza mwenyewe siku ya Idd, unakumbuka? Ulikuwa unapakua pilau. Ukasema, "Duka likianza kulia pii pii kama lori linalorudi nyuma, mimi nalifunga." Wote mkekani wakacheka. Nami nikacheka. Nilirudi Mikumi na hasira zangu, na lile pilau lako, ambalo sikatai lilikuwa tamu, likakataa kushuka.

Hapana yako ilikuwa sheria. Sasa ndiyo ya binti yako ni sheria. Yangu mimi haijawahi hata kuwekwa kwenye mizani.

Tulikubaliana kwenda Morogoro kuchagua. Wao walitoka Kilosa, mimi nikatoka Mikumi, tukakutana stendi. Salma akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama mdogo." Nikaitikia. Nikaona amevaa mtandio wako wa kijani. Nikaitikia tena bila kujua nimeshaitikia.

Mimi sikwenda mikono mitupu. Nilijua watanichukulia kama mtu aliyekuja kusindikiza, kwa hiyo nilibeba kapu la vitu vya kujaribia, vingi kutoka dukani kwangu: pakiti ya biskuti iliyokunjamana, chupa ya soda niliyoitoa kwenye friji la mama lishe wa stendi ikiwa bado inatiririka maji, kopo la mafuta ya kujipaka ambalo mistari yake imezunguka kwenye mviringo, na sabuni ya unga ya pakiti ndogo, ile inayong'aa mpaka inakuumiza macho.

Muuzaji alikuwa baba mmoja mpole mwenye miwani. Akatuwekea skana tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya waya, unaishika mkononi. Ngumu, akasema, hata ikianguka haijali, lakini inasoma mistari tu, vile vimraba vya madoadoa vya kulipia kwa simu haivioni. Ya pili inasimama yenyewe kwenye kaunta na wewe unapitisha bidhaa mbele yake, mikono yote miwili ikiwa huru. Ya tatu haina waya kabisa. Unaichaji, inaongea na kompyuta kwa hewa, na unaweza kutembea nayo mpaka stoo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote.

Nikafungua kapu langu. Wateja wengine wakageuka kutazama. Ya waya ilishindwa na sabuni inayong'aa, na kwenye kopo ikababaika. Ile ya kusimama, dada, ilisoma vyote. Iliyokunjamana ikasoma, iliyolowa ikasoma. Nikaomba kuisogeza mlangoni penye jua, maana kaunta yangu inapigwa na jua mchana wote, na jua nalo halikuisumbua. Muuzaji akatabasamu. "Mama umekuja na mtihani kamili," akasema. Na Baba Salma akanigusa bega, mbele za watu, akasema, "Zainabu amefikiria."

Nikavimba kwa furaha. Nakwambia ukweli, nilitamani uwepo uone.

Halafu Salma akaichukua ile isiyo na waya. Akatembea nayo hadi mwisho wa duka, palipokuwa na maboksi makubwa chini, akainama, akaielekeza. Pii. Kwenye kompyuta huku mbele, boksi likatokea. Akabaki kule ameinama, ametupa mgongo, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma boksi. Baba yake akamtazama, nikaona macho ya mzee yamejaa machozi. Akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo ndiyo ya Kilosa. Mama yako angeipenda."

Angeipenda! Wewe uliyesema utafunga duka!

Hapo ndipo kichwa kikanizunguka. Nikasema, "Na Mikumi iwe hiyo hiyo."

Muuzaji akasema taratibu, "Mama, kwa duka la abiria kama ulivyolieleza, hii ya kusimama ndiyo..."

"Nimesema hiyo hiyo. Kwani Mikumi ni duka la kambo?"

Baba Salma akahema. Unamjua, ugomvi wa hadharani unamtoa jasho. Akasema, "Haya, mbili za aina moja, tuondoke." Salma alinitazama mara moja tu, kisha akainamisha uso. Macho yako kabisa. Nikazidi kukasirika.

Basi nikarudi Mikumi na skana ya kifahari. Siku za mwanzo nilitembea nayo dukani kama mtu aliyevishwa cheo. Nilimsomea mteja biskuti akiwa bado mlangoni. Nilisoma maji ndani ya friji. Jirani yangu muuza matunda akasema, "Bi Zai, leo umeshika bastola?" Nikamwambia, "Kama ya Kilosa, haipungui chochote."

Lakini kazi ni kazi. Kila nikitaka kufunga mfuko lazima niiweke chini, na nikiiweka chini siioni. Mara iko juu ya viroba, mara iko nyuma ya mizani. Huku ninaitafuta, huku mtu ananyoosha noti juu ya kichwa cha mwenzake, huku konda anaita "Tunaondokaaa!" Nilijua kosa langu liko wapi. Nilijua tangu Morogoro. Nikawa najiambia nitazoea.

Siku moja basi la Iringa likasimama, limejaa. Watu wakamiminika. Nikasoma, nikafunga, nikasoma, nikafunga, wakarudi mbio ndani ya basi, vumbi likatulia. Nikanyoosha mkono nichukue skana. Haipo. Nikainua viroba, nikafungua friji, nikapiga magoti chini ya kaunta mpaka jirani akaja kuuliza kama nimepoteza pete.

Namba ya konda ninayo, kama nilivyo na namba za makonda wote. Nikampigia. Nikasikia anauliza ndani ya basi, kisha kicheko cha watu wengi. Akarudi kwenye simu: "Mama, kuna mama hapa amefungua mfuko wake atoe biskuti, akakuta kitu kina jicho jekundu kinamtazama. Karibu akirushe dirishani. Anauliza ni kitu gani, cha kukaushia nywele?"

Nimeifunga mwenyewe, dada. Kwa mikono yangu, na biskuti na maji, nikamkabidhi, nikasema asante karibu tena.

Konda akasema ataniletea basi likirudi. Sasa nikawa nimekaa, kompyuta imewaka, haina jicho. Bei za vitu vyote nimeshaziachia mashine, hata zile nilizokuwa nazijua zimenikimbia. Na Baba Salma alikuwa anakuja kesho yake. Siku zangu. Zile chache zilizobaki. Nikajiona nitakavyosimama mbele yake, yeye ananitazama bila kunigombeza, halafu anahema na kusema Hadija hakuwahi kupoteza hata kijiko.

Simu ikalia. Salma.

"Shikamoo mama mdogo. Naona kwako hakuna mauzo tangu saa nane. Kuna amani?"

Nilisahau kwamba maduka yanasomana. "Amani ipo, mwanangu. Umeme umekatika."

"Kompyuta yako naiona inawaka, mama mdogo."

Nikamweleza. Yote, mpaka cha kukaushia nywele. Nilisubiri acheke. Kama angecheka nadhani nisingemsamehe mpaka kiama. Hakucheka. Akasema, "Nakuja na gari la kwanza."

Alifika asubuhi, matope ya njia ya Ulaya yamempanda mpaka magotini, amekumbatia boksi. Nikamtengea maji ya kunawa miguu. Akalifungua boksi pale pale kwenye kaunta. Ilikuwa ile ya kusimama. Ile iliyofaulu mtihani wangu.

"Umeitoa wapi?" nikauliza.

"Siku ile ile, Morogoro. Wewe na baba mlipotangulia kwenda kula, mimi nilirudi. Nilikuwa na akiba yangu ya kazini."

"Na muda wote huu ilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda." Akawa anachomeka waya, hanitazami. "Ningekuletea ungesema nakudharau. Nikasema nisubiri uniite. Hukuniita, lakini nimekuja."

Nikaenda jikoni, nikarudi na chai. Alikuwa ameshaiweka mahali pake, si kule kwenye jua bali upande wa mizani, ambapo hata mimi sikuwa nimefikiria. Akapitisha pakiti ya majani ya chai. Pii. Akapitisha soda. Pii. Mwenyewe nikapitisha sabuni inayong'aa.

Nikamuuliza, kwa sababu lilikuwa linanichoma tangu siku ile: "Salma, na wewe kwa nini ulichagua ile ya kutembea nayo? Ili mradi ni ya bei?"

Akaweka kikombe chini. Akasema, "Mama miguu ilikuwa imevimba, mama mdogo. Mwaka wa mwisho hakuweza kunyanyuka kwenye kigoda. Viroba viko chini kule, mafuta yako kule, yeye yuko hapa anapiga kelele, niletee nione. Mimi nikija likizo namwona, nikirudi Morogoro nafikiria. Nikaiona hiyo mashine kwenye duka moja. Nikasema nikipata hela namnunulia, atakaa kwenye kigoda, msichana wa kazi atatembea nayo, yeye ataona kila kitu hapo mbele yake. Nilimwambia. Alinicheka, akasema ya pii pii hataki. Halafu siku nyingine akanipigia mwenyewe, akaniuliza, ile mashine yako inafika mpaka stoo?"

Akafuta uso kwa ule mtandio wako wa kijani.

"Kwa hiyo siku ile Morogoro nilikuwa nimemnunulia mama. Nilipoinama kwenye boksi na ikalia, ndipo nikakumbuka hayupo."

Dada Hadija. Nilishawahi kukuonea wivu kwa mengi. Kwa mapishi yako, kwa kuolewa kwako kwanza, kwa namna wateja wa Kilosa walivyokuita Bi Mkubwa hata wale wasiojua kwamba yuko mdogo. Nilikuonea wivu hata ile mara nilipougua malaria, ukaja mpaka huku na uji kwenye chupa, ukanisugulia masufuria, halafu ukanipangia upya shelfu zote. Ulipoondoka nilitoka kitandani na homa yangu nikazirudisha zilivyokuwa, kwa sababu ulivyozipanga wewe ilikuwa vizuri zaidi. Lakini wivu niliouona hapo mbele ya Salma ulikuwa mwingine kabisa. Kununuliwa kitu ukiwa kaburini! Kuwa na mtu wa kusahau kwamba umekufa kwa sababu bado anafikiria miguu yako! Nikawaza, mimi nikiondoka, nani atasimama kwenye duka gani, aone kitu, aseme hiki kingemfaa Zainabu?

Nikawa namwangalia nikitaka kumwambia anyamaze. Na mkono wangu, bila mimi kuutuma, ulikuwa juu ya ile mashine kwenye kaunta. Bado ilikuwa na karatasi yake laini ya kiwandani. Akiba yake ya kazini. Chini ya kitanda chake.

Nikamwambia, "Kunywa chai, inapoa." Ndilo pekee lililotoka. Lakini nilimwekea sukari mwenyewe, nikakoroga.

Baba Salma alifika jioni. Akaitazama kaunta, akauliza ile nyingine iko wapi. Kabla sijafungua mdomo Salma akasema, "Tumeona ile ya kutembea nayo iwe ya kuhesabia mzigo stoo, baba. Mama mdogo tangu mwanzo alijua hii ndiyo ya Mikumi." Na hakusema uongo hata neno moja, umeona? Ile ya kutembea nayo ilirudi na basi kesho yake, na sasa ni ya stoo kweli. Mzee akaridhika. Akala, akalala mapema. Alipokuwa anasinzia alisema kitu kuhusu wewe, na mimi nikazima taa kwa nguvu kidogo kuliko kawaida.

Sijapona. Usidhani barua hii ni ya toba. Bado nikisikia "Hadija alikuwa" nabadilisha mazungumzo. Bado siku zangu ni chache. Juzi nilikwenda Kilosa, nikakuta wateja wawili wanamwambia Salma anacheka kama wewe, nikawaambia anacheka kama yeye mwenyewe, wakashangaa nimetoka wapi. Nilikaa naye dukani mpaka kufunga. Nilimwonyesha namna ya kumkatalia mkopo mteja bila kumpoteza. Hilo wewe hukulijua, ulikuwa unakopesha kila mtu. Na jana amenipigia kuniuliza aweke bei gani kwenye mchele mpya. Mimi. Hakumuuliza baba yake.

Basi dada, nakuaga. Mungu akupumzishe, akunyooshee na hiyo miguu. Nakuahidi jambo moja na nitalitimiza. Binti yako hatakaa kwenye lile duka peke yake kama mtu asiye na mama. Nitakwenda kila njia inapopitika. Akiugua nitamuuguza mimi. Siku watu wakija kumposa, watakaa na mimi kwanza, nami nitawauliza maswali mpaka wajute, na siku ya harusi nitakaa pale mama anapokaa, katikati ya mkeka, nimevaa nguo nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa.

Ukituona kutoka huko uliko na ukahisi kitu kinakuchoma hapo kifuani, usishangae, dada. Ni wivu. Mimi nimeubeba miaka yote hii; sasa ni zamu yako.

Mwenzio,
Zainabu